Cherehani ya Taa

FUNDI: Haloo? Haloo! Nani?

DADA: Ni mi—

FUNDI: Kama unapiga kuulizia taa, tunashughulikia. Nipeni nafasi nifanye kazi.

DADA: Tazama jina kwenye simu yako kabla hujabweka.

FUNDI: [anatazama simu] Ah. Samahani. Shikamoo Mama.

DADA: Marahaba. Ila si Mama, ni dadako. Simu yangu imezima, natumia ya kwake.

FUNDI: Sasa mbona umeitikia shikamoo isiyo yako?

DADA: Yangu pia hiyo, mgongo wangu ndio uliokubeba. Uko wapi wewe?

FUNDI: Huku nyuma ya kitalu cha miche, kwenye kibanda cha umeme. Nyinyi mmefika?

DADA: Tumefika! Tumefika zamani! Tumefika wakati bado kuna mwanga wa jua, sasa jua limekwenda zake na sisi tuko hapa hapa, gizani, tunakanyagana na watu.

FUNDI: Mmeingia lakini?

DADA: Tumeingia kwa kugombana. Wewe si uliniambia jina la Mama utaliacha getini?

FUNDI: Si nililiacha?

DADA: Uliliachia nani? Maana yule wa getini ananitazama kama nimekuja kuiba maua. Nikamwambia huyu ni mama yake fundi wa taa. Akaniambia, leo ni mama wa kumi wa fundi wa taa.

FUNDI: [anacheka] Huyo namjua—

DADA: Usicheke! Sichekeshi! Nimesimama na mama mtu mzima kwenye foleni, kavaa gauni lake zuri, kajipaka mafuta, kila mtu anampita kwa bega. Halafu tumeingia, nikajua sasa tumefika penye taa. Taa ziko wapi?

FUNDI: Dada, nisikilize—

DADA: Ziko wapi?

FUNDI: Zinakuja. Ni kupika na kupakua.

DADA: Hicho chungu chako cha kupikia kiko jikoni tangu alasiri. Hapa watu wanatembea kwa tochi za simu. Bustani nzima imejaa nyaya, hakuna hata balbu moja inayowaka. Mtoto mmoja hapa amemwambia baba yake, twende nyumbani, kule kuna taa.

FUNDI: [anapumua kwa nguvu] Breka inaruka.

DADA: Sema ninachokielewa.

FUNDI: Nikiwasha, umeme unajikata wenyewe. Mzigo umezidi. Hii bodi ni ya zamani, haibebi.

DADA: Jana si ulinipigia ukajisifu zote zimewaka? Ukasema chemchemi imewaka, miti imewaka, ule upinde wa njiani umewaka, mpaka watu wa barabarani wakasimama?

FUNDI: Jana ziliwaka.

DADA: Leo zimepatwa na nini?

FUNDI: [mtandao unakwaruza] ...ngeza kitu.

DADA: Nini? Sikusikii. Sogea hapo ulipo.

FUNDI: Nimesema nimeongeza kitu! Subiri, nitoke nje. Bosi yuko hapa anahema shingoni mwangu. [mlango, hatua] Haya. Mama yuko karibu?

DADA: Nimemkalisha kwenye benchi, mimi niko hatua chache. Anatazama mbele tu. Sema.

FUNDI: Usimwambie.

DADA: Simwambii nini?

FUNDI: Hapo mlipo, mkitazama upande wa bwawa, kuna kamba. Nyuma ya kamba kuna kitu kirefu kimefunikwa turubai.

DADA: Turubai limeshafunuliwa. Naona machuma tu gizani, marefu kama mlango wa ghala.

FUNDI: Hiyo ni cherehani.

DADA: Hiyo ni nini?

FUNDI: Cherehani, dada. Cherehani ya Mama. Nimeikunja kwa nondo nyembamba, nikaizungushia taa kila mahali, mpaka kanyagio nimeliwekea taa. Nikaisimamisha usiku wa jana baada ya kila mtu kuondoka. Haikuwa kwenye kazi niliyopewa. Bosi mwenyewe ameiona leo asubuhi, akaniuliza hili dude la nani. Nikamwambia ni pambo.

DADA: Pambo!

FUNDI: Sasa ndiyo inayozidisha mzigo. Nikiiacha nje, bustani yote inawaka. Nikiiunganisha, breka inaruka, kila kitu kinazima. Ndiyo hivyo.

DADA: Kwa hiyo watu wote hawa, na watoto wao, wamekaa gizani kwa sababu ya cherehani yako.

FUNDI: Si yangu. Ni ya Mama.

DADA: Uliipima? Hukuipima.

FUNDI: Nilipiga hesabu kichwani.

DADA: Kichwani! Akili nywele, wewe umenyoa.

FUNDI: Haya, nitukane. Maliza. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, aione kabla— [anasita] Si wewe uliyeniambia? Si wewe uliyesema daktari kasema macho ya Mama hayana muda?

DADA: Ndiyo, nilisema.

FUNDI: Kwamba ile presha ya macho ikishakula haitapiki. Kwamba kilichobaki ni kidogo, na hicho kidogo nacho kinaondoka. Ulisema au hukusema?

DADA: Nilisema, ndiyo! Nilisema ili uje! Sikusema ili ukajifungie kwenye nondo!

FUNDI: Ningekuja nikafanya nini? Nikae nimtazame anavyopapasa kikombe?

DADA: Ee. Ukae umtazame. Kama mimi. Mimi namtia dawa asubuhi na jioni. Mimi nampeleka kliniki, nakaa naye kwenye lile benchi mpaka makalio yanakufa ganzi. Wewe unapiga simu. Nikikupigia mimi, uko juu ya ngazi. Kila nikikupigia uko juu ya ngazi! Hivi hiyo ngazi yako haina chini?

FUNDI: Ndiyo kazi yangu, dada. Taa huwa haziko sakafuni.

DADA: Usinijibu hivyo.

FUNDI: Nijibu vipi? Nikinyamaza, kosa. Nikisema, kosa. Nimefanya kitu kwa mikono yangu miwili, mikono imechubuka—

DADA: Mama hakuomba cherehani. Aliomba umtembelee.

FUNDI: [mtandao unakwaruza, sauti ya mtu mwingine kwa mbali] Ndiyo bosi. Naja bosi. Ndiyo, najua wamelipa. Najua! Dada, usikate. Naingia ndani. Nimepunguza taa za njia ya nyuma, sasa hivi nawasha. Mwambie Mama atazame upande wa bwawa. Mwambie asipepese macho.

DADA: Ngoja basi nimfikie. Samahani kaka, nipishe. Samahani. Mama! Mama, tazama huku. Mbele yako, hivi. Ee. Ni mwanao, anasema anawasha. Haya, Kitinda, washa!

FUNDI: Moja, mbili—

DADA: Washa wewe, kwani unarusha roketi?

FUNDI: Nimewasha!

DADA: [kelele za watu: "Waaaa!"] Eh! Eh jamani! Imewaka! Kitinda, imewaka, Mungu wangu, ni kubwa hivi! Mama, umeo— [kelele zinageuka kuwa miguno] Imezima.

FUNDI: [kishindo] Shenzi!

DADA: Mama yuko hapa anasikia.

FUNDI: Samahani. Imekaa kwa muda gani?

DADA: Haikukaa. Ilibisha hodi ikaondoka.

FUNDI: Na nyingine?

DADA: Zote zimezima. Giza tupu, sioni hata mkono wangu. Watu wanazomea. Kuna mzee hapa anadai arudishiwe kiingilio chake, na mkewe anamwambia uliingia bure. Ah! Mimi nimechoka! Miguu inaniuma, kichwa kinaniwanga. Nimefunga kibanda changu cha kushonea mapema, nimewaacha wateja, nije nisimame kwenye giza ambalo hata nyumbani lipo!

FUNDI: Najaribu tena. Nitaondoa chemchemi.

DADA: Ondoa unachotaka, lakini— Ee, Mama? Unasemaje? Umesema?

FUNDI: Dada, Mama anasemaje?

DADA: Anasema nikwambie... anasema zimependeza.

FUNDI: Nini zimependeza?

DADA: Taa.

FUNDI: Taa gani? Si umesema zote zimezima?

DADA: Zimezima.

FUNDI: Sasa?

DADA: Anasema, mwambie mwanangu nimeziona, zimependeza sana, zinameta. Bado anatazama kule. Anatabasamu.

FUNDI: [anacheka kidogo] Ananitania Mama. Mwambie asinicheke, jasho linanitoka.

DADA: Ee. Anakutania.

FUNDI: Mbona sauti yako imeshuka?

DADA: Ni mtandao.

FUNDI: Haya, kaa hapo hapo. Nikiondoa chemchemi na ule upinde, cherehani itabeba. Lazima ibebe.

DADA: Kitinda.

FUNDI: Naam.

DADA: Hiyo cherehani ina umeme sasa hivi?

FUNDI: Hakuna chenye umeme. Kote kumekatika. Nitarudisha sasa hivi.

DADA: Usirudishe.

FUNDI: Nini?

DADA: Nasema usirudishe. Usiwashe. Ngoja kwanza.

FUNDI: Dada, umepagawa? Tangu umepiga simu unanifokea washa, washa, washa—

DADA: Na sasa nakwambia usiwashe! Ni lugha gani hujaielewa?

FUNDI: Bosi amesimama hapa na mshipa umemtoka! Anasema nilikate hilo dude niwashe vilivyobaki, la sivyo kesho nisikanyage hapa. Sikati. Lakini siwezi kukaa tu nimekunja mikono!

DADA: Basi kunja! Kunja mikono! Hujawahi kukunja mikono? Chomoa hiyo cherehani, na kingine chochote usikiguse. Mwambie bosi wako kitu chochote. Mwambie kuna mtu ameingia ndani ya kamba.

FUNDI: Kwani kuna mtu ameingia ndani ya kamba?

DADA: Bado. [kwa mbali] Mama, nipe mkono. Inuka. Twende mbele kidogo. Polepole, kuna nyaya chini.

FUNDI: Dada! Msiingie ndani ya kamba! Nondo zile nimezikata kwa msumeno, zina ncha. Na ardhi ina maji ya chemchemi. Dada!

DADA: Umechomoa?

FUNDI: Unataka kufanya nini?

DADA: Nimekuuliza umechomoa?

FUNDI: [sauti ya kitu kinavutwa] Nimechomoa. Plagi yenyewe ninayo mkononi. Ridhika.

DADA: Usiiachie. Uishike hivyo hivyo. [kwa mbali] Shikamoo baba mlinzi. Ndiyo, naona kamba. Ndiyo, nimesoma kibao. Huyu ni mama yake aliyekitengeneza. Kweli tupu. Tunataka asogee. Hapana, baba, si kupiga picha. Anataka kukishika.

FUNDI: Kukishika? Kwa nini akishike?

DADA: [kwa mbali] Asante sana. Mungu akuzidishie. Inua kamba kidogo, Mama anainama. Inama, Mama. Zaidi. Haya, umepita.

FUNDI: Dada. Kwa nini anataka kushika?

DADA: Kwa mbali haoni vizuri. Akiwa karibu ni afadhali.

FUNDI: Si nimwashie basi? Akiwa karibu halafu nikawasha, ataona vizuri zaidi.

DADA: Kitinda...

FUNDI: Nikiwasha yenyewe tu, kila kitu kingine nikizime, haiwezi kuruka. Bosi anifukuze akitaka. Dakika moja tu. Dada, niwashe?

DADA: Haitasaidia, mdogo wangu.

FUNDI: [mtandao unakwaruza] Alisema zimependeza.

DADA: Ee.

FUNDI: Kukiwa giza.

DADA: Ee.

FUNDI: Tangu lini?

DADA: Sijui! Sijui, usiniulize mimi! Naishi naye nyumba moja, na mimi ndiyo kwanza nimejua sasa hivi, hapa, mbele za watu! Asubuhi nimemuuliza gauni hili au lile, akaniambia hilo la bluu. Nililoshika lilikuwa la kijani. Nikadhani amekosea tu.

FUNDI: Dada—

DADA: Nikamvalisha la kijani na nikamsifia. Mimi namtia dawa asubuhi na jioni, na macho yenyewe sijayatazama.

FUNDI: Usilie.

DADA: Silii. Nina hasira. Nina hasira na wewe, na bosi wako, na hii bodi ya zamani, na yule mwanamke mwenyewe aliyetuficha!

FUNDI: Anafanya nini sasa?

DADA: Ameshika. Mikono yote miwili.

FUNDI: Ameshika wapi?

DADA: Chini. Ameanzia chini. Anapanda taratibu, anagusa balbu moja moja kama anachagua harage. Watu wamenyamaza. Wamemmulika kwa tochi za simu, hakuna anayezomea tena. Hata yule mzee wa kiingilio.

FUNDI: Mwambie awe mwangalifu pembeni, kuna ncha.

DADA: Anajua ncha kuliko wewe. Miaka yote ya kushona amechomwa na sindano. Amesema, "Kanyagio."

FUNDI: [kwa sauti ndogo] Ndiyo. Ni kanyagio.

DADA: "Mguu wa meza. Mguu mwingine. Meza yenyewe." Amecheka. Amesema mwanangu amenitengenezea cherehani, na mimi nilikuwa nadhani ni ua. Kitinda, uko hapo?

FUNDI: Nipo. Nimeshika plagi.

DADA: Ngoja. Ameshika gurudumu. Amekunja uso.

FUNDI: Lina nini? Limelegea?

DADA: Anasema umekosea. Anasema gurudumu la cherehani liko mkono wa kulia. Wewe umeliweka kushoto.

FUNDI: Hapana. Liko kushoto.

DADA: Kitinda, mimi ninazo cherehani mbili kibandani. Gurudumu liko kulia.

FUNDI: Dada, nimeichora kwa kukumbuka, na naikumbuka vizuri kuliko jina langu. Gurudumu kushoto, sindano kulia, na sura ya Mama juu yake katikati.

DADA: Hata sindano umeiweka upande usio wake. Umeigeuza yote! Yaani hukuweza hata kuja kibandani kwangu kuitazama? Au kunipigia simu? Umekesha unakunja nondo na kitu chenyewe—

FUNDI: Sikuigeuza! Ndivyo ilivyo! Ndivyo nilivyokuwa naiona kila siku!

DADA: Ulikuwa unaiona ukiwa wapi? Darini? Cherehani haiwezi ku— Nini, Mama? Ngoja, niko kwenye simu na huyu mbishi. Anasema ndivyo— Mama, mbona unalia? Umejichoma? Lete mkono. Sasa nini? Simu? Unataka simu? Kitinda, Mama anataka simu.

FUNDI: Ngoja kwanza. Dada, nimwambie nini? Dada!

MAMA: Haloo.

FUNDI: Shikamoo Mama.

MAMA: Marahaba mwanangu. Dadako anasema umegeuza cherehani.

FUNDI: Mama, mimi nilidhani—

MAMA: Hukuigeuza.

FUNDI: Eh?

MAMA: Ulikuwa unakaa mbele yangu. Nikishona mapazia marefu, nilikuwa nakukalisha upande wa pili wa meza uyapokee yasiburute chini. Mimi nasukuma, wewe unavuta. Kwako wewe gurudumu lilikuwa kushoto. Dadako hajui. Yeye nilikuwa namkalisha ubavuni kwangu, ajifunze. Wewe nilikukalisha mbele ili nikuone, maana ulikuwa mtundu.

FUNDI: Nilikuwa siitazami kazi, Mama. Nilikuwa nakutazama wewe.

MAMA: Najua. Ndiyo maana mapazia yalikuwa yanachafuka.

FUNDI: Mama, kwa nini hukutuambia?

MAMA: Ningewaambia nini? Dadako hana nafasi ya mzigo mwingine. Na wewe kila ukipiga simu ulikuwa unanieleza habari za taa. Hii nyekundu, ile ya bluu, utaziona Mama, utaziona. Ningekukatiza vipi?

FUNDI: Kumbe nilikuwa nimechelewa.

MAMA: Kuchelewa umechelewa, siwezi kukudanganya. Tulia nikuulize. Hilo gurudumu ulilizungushia taa za rangi gani?

FUNDI: Njano. Uzi ndio mwekundu. Unatoka juu unashuka mpaka kwenye sindano.

MAMA: Mwekundu. Vizuri. [kelele za watu zinaanza tena, mtu anapiga mluzi] Watu wanasubiri kitu gani huku?

FUNDI: Wanasubiri niwashe, Mama. Nikiunganisha ya kwako, zote zinazima. Nimeichomoa tu ili uishike, bosi anataka niitoe kabisa. Sitoi.

MAMA: Itoe.

FUNDI: Mama—

MAMA: Itoe, uwawashie watu taa zao. Hawa wamekuja na macho yao, usiyarudishe bure. Yangu nimeshaiona.

FUNDI: Haya. [kwa mbali] Bosi, sogea hapo. Sogea tu. [sauti ya swichi, kelele: "Waaaa!"] Mama? Nimewasha. Zimekaa?

MAMA: Nasikia watu wamefurahi.

FUNDI: Lakini wewe...

MAMA: Mimi sioni kitu, mwanangu. Sioni hata kidogo. Haya, nimekwambia. Sasa mwachie mtu mwingine hiyo ngazi, uje unishike mkono unitembeze, unitajie rangi moja moja. Dadako amechoka, na amevaa viatu vinavyombana, namsikia anavyotembea.

FUNDI: Nakuja. Nakuja, Mama, sasa hivi. Msiondoke hapo.

MAMA: Twende wapi? Nimeshika gurudumu.

FUNDI: Lishike hivyo hivyo. Nakuja mbio. Haya, Mama. Haya—

MAMA: Kata simu basi, uje.